Baba Ameanguka Mara Mbili: Tumnunulie Mashine ya Kukimbilia?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yetu ana miaka 73, tunaishi naye Mbagala. Mwaka huu ameanguka mara mbili, ya mwisho akitoka bafuni. Kaka ameona video ya wazee wa Marekani wakifanyishwa mazoezi ya kutoanguka juu ya mashine ya kukimbilia, sasa anataka kumnunulia. Tumwache anunue?
Binti yake, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba mpe pole. Kaka asitoe hela hiyo kwanza.

Alichokiona ni kweli, ila mashine ile si hii ya madukani. Mkanda wake hushtuka ghafla bila mzee kujua ni saa ngapi, naye amevalishwa mikanda ya mwilini iliyofungwa juu, hata akiteleza hafiki chini. Shabaha si kutembea, ni mguu ujifunze kuwahi. Abiria aliyesimama kwenye daladala, dereva akiondoa gari kwa pupa, hutupa hatua moja akabaki wima. Kwa mzee hatua hiyo huchelewa, au huwa fupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, waliwatelezesha wazee mara 24 katika kikao kimoja, kwenye njia yenye vibao vinavyoteleza. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kuanguka kulipungua kwa takribani nusu mwaka uliofuata. Kikao kimoja tu! Ndiyo maana nayaamini mazoezi haya.

Lakini nyumbani hakuna mikanda ya kumshika, na umeme ukikatika mashine husimama naye yuko juu. Simpandishi mzee aliyekwisha anguka mara mbili.

Anzeni kliniki, mkiwa na dawa zake zote kwenye mfuko. Dawa za presha na za usingizi huweza kumpa kizunguzungu anapoinuka. Apimwe na macho. Kisha ombeni rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nyumbani kila siku ainuke kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti, halafu asimame karibu na ukuta, wewe ubavuni, umwambie "mbele", "kulia", "nyuma", naye atupe hatua upesi bila kujua utataja upande gani. Ndala zilizolika tupeni. Bafuni fundi afunge chuma cha kushikia.

Akianguka tena akagonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata akisema yuko salama.