Re: Mbona wachezaji wa raga Australia wanakimbilia nje?

Mkuu ni hela tu hapo, klabu za Ufaransa na Japani zinamwaga mpunga, afu kule kwao raga inagombania vipaji na ligi ya NRL (raga ya aina nyingine, ya wachezaji 13) na ile futiboli yao ya AFL (si soka hii yetu), na timu zao za Super Rugby, ile ligi kubwa ya klabu, zimebaki nne baada ya Melbourne Rebels kuvunjwa 2024, sasa vijana wote wataenea wapi?

Ulivouliza kama ukihama ndo basi timu ya taifa, hapana. 2015 waliweka sheria iliyopewa jina la mchezaji wao Matt Giteau, ukiwa na mechi 60 za Wallabies (ndo timu yao ya taifa) na miaka 7 ya kutumikia raga ya nyumbani unaitwa hata ukiwa nje, na Giteau mwenyewe akitokea Toulon ya Ufaransa akacheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka huohuo. Baadae wakailegeza. Mcheki Will Skelton, 2023 akiwa La Rochelle ya Ufaransa kapewa ukapteni wa Wallabies kabisa.