Kipande kimoja cha keki ni gramu ngapi? Jibu kwa dada wa Nakuru

Dada, nimekuelewa hivi: ugali unapima, nyama unapima, lakini ikifika keki, mandazi na aiskrimu unaandika "kipande kimoja" au "kikombe kimoja" kwenye programu ya simu ya kuhesabu kalori, na uzito umekataa kushuka. Unauliza kama uache vitu vitamu kabisa, ama ununue vile vikombe vya kupimia.

Mimi naoka keki za kuuza hapa Kisumu, na kalori nazihesabu pia, maana kazi hii ni ya kulamba mwiko kutwa. Usiache, na pesa za vikombe ziweke. Tafuta mizani ndogo ya jikoni ya betri, inayosoma gramu moja moja. Hapa zinapatikana hadi kwa wauza vyombo wa soko la Kibuye, na Nakuru hutazikosa. Ukifika nayo nyumbani, iwekee pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Ikisoma kilo moja na gramu chache za karatasi, iko sawa.

Hicho "kipande kimoja" cha kwenye simu ni cha nani? Mara nyingi ni mtumiaji mwingine aliyeingiza namba hiyo, pengine yuko Marekani, na keki yake haina undugu na yako. Hata sisi waokaji wa hapa hatusemi lugha moja. Mteja anaagiza keki ya kilo moja. Mmoja wetu anapima keki tupu, mwingine anapima na krimu na mapambo juu. Halafu kuna ukubwa wa chombo. Keki ya inchi 8 na ya inchi 10, kimo kimoja, zote zikatwe vipande 12: kipande cha ile ya inchi 10 kinazidi mwenzake kwa zaidi ya nusu, kwa sababu eneo la duara linafuata kipenyo mara kipenyo, yaani 64 kwa 100. Kwenye sahani vyote viwili vinaitwa kipande kimoja.

Vikombe navyo vinafaa maji na maziwa. Unga ukichotwa kwa kikombe na kugandamizwa unaweza kufika gramu 150. Ukimwagiwa polepole kwa kijiko ni kama 120. Kijiko cha siagi ya njugu ndio balaa kabisa, maana hakuna anayekisawazisha juu.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kitu unachookea nyumbani, usianze na kipande. Anza na bakuli zima. Chukua keki ya ndizi. Weka bakuli kwenye mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina unga, soma, andika, rudisha sifuri, weka sukari, soma, andika, hivyo hivyo hadi mwisho. Vyombo vya kuosha vinapungua pia. Tuseme umepata hivi:

Unga wa ngano gramu 300, kama kalori 1,080.
Sukari gramu 200, kalori 800.
Mafuta ya kupikia gramu 150, kalori 1,350.
Ndizi mbivu zilizomenywa gramu 350, kama 315.
Mayai 3, kama 215.

Jumla 3,760. Hapa nimetumia kalori 4 kwa gramu ya sukari na 9 kwa gramu ya mafuta. Angalia mafuta hapo: hayafiki hata nusu ya unga na ndizi zikiwekwa pamoja, lakini ndiyo yanayoongoza kwa kalori. Mtu anayepunguza sukari akaacha mafuta yalivyo hajagusa penyewe.

Oka, acha ipoe, itoe kwenye chombo, ipime nzima. Mbichi ilikuwa zaidi ya gramu 1,150, lakini maji mengine yamekwenda na mvuke, kwa hiyo tuseme imebaki 1,030. Kalori hazikutoka na mvuke, zimebaki zote humo. Gawa 3,760 kwa 1,030 upate kama 3.65 kwa gramu. Namba hiyo iandike ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu kuanzia hapo kila kipande ni kupima na kuzidisha tu. Kipande cha gramu 80 ni kalori 292. Cha gramu 120, ambacho mgeni wako hataona kama ni kikubwa, ni 438. Ukigawa kwa uzito wa mbichi utajiandikia kalori pungufu bila sababu, na huo ni mtego ninaouona kwa wengi wanaojaribu hesabu hii.

Keki ya krimu ipime mara mbili, kabla ya kupaka na baada ya kupaka. Krimu ya siagi na sukari ya aisingi ni karibu kalori 5 kwa gramu, nzito kuliko keki iliyo chini yake. Ndio maana kipande cha kona kwenye keki ya mraba si ndugu wa kipande cha katikati: cha kona kina krimu juu na pande mbili.

Mandazi yanatisha watu kwa sababu ya mafuta ya kukaangia, lakini yanapimika vizuri tu. Pima karai likiwa tupu. Mimina mafuta, pima tena. Kaanga. Zima moto, acha mafuta yapoe kabisa (tafadhali, mafuta ya moto hayabebwi kupelekwa kwenye mizani), kisha pima mara ya tatu. Kama yalikuwa gramu 900 na sasa ni 780, gramu 120 zimeingia kwenye mandazi, ukiacha matone machache ya kwenye karatasi. Hizo ni kalori 1,080. Kwa mandazi 20, kila moja limebeba 54 za mafuta peke yake, kabla ya unga, sukari na tui. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, andazi linakaa karaini muda mrefu na kunywa zaidi, kwa hiyo namba ya wiki hii usiihamishie wiki ijayo bila kupima upya.

Aiskrimu usiipime kwa kikombe hata kidogo. Inapotengenezwa hupigwa na kuingizwa hewa, na kuna aina ambazo karibu nusu ya ujazo ni hewa. Ndio sababu mikebe miwili ya lita moja, ukiibeba mkononi, mmoja unaweza kuwa mzito waziwazi kuliko mwenzake. Lebo ikisema kalori kwa gramu 100 na mkebe umeandikwa mililita 500, usidhani ni gramu 500. Fanya hivi: weka mkebe mzima kwenye mizani, rudisha sifuri, chota kiasi unachotaka. Mizani itasoma namba yenye alama ya kutoa mbele, mfano −68. Hiyo ndiyo aiskrimu uliyochukua, gramu 68, na bakuli lako halijahusika. Nafanya hivyo hivyo kwa asali, jemu na siagi ya njugu. Na lebo ikitumia kilojuli, gawa kwa 4.2 upate kalori.

Vyakula vyetu ambavyo havina lebo, tafuta jedwali la virutubishi vya vyakula vya Kenya lililotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Liko bure mtandaoni, nami naliamini kuliko namba za watumiaji wa programu.

Sherehe za watu ziache zilivyo. Vile vipande vya mraba vinavyopitishwa kwenye sinia harusini, ninavyokata mimi huwa kati ya gramu 20 na 30 na krimu yake. Andika 130 kwa kimoja, uendelee kucheza. Mithai za dukani, vile vitamu vya Kihindi, nazo ni ndogo lakini zimejaa samli na sukari. Kadiria juu, usikadirie chini. Kukimbizana na kalori kumi kumi ni kujichosha, maana hata lebo ni wastani. Kinachokula hesabu yako ya wiki ni zile mia na hamsini za kila jioni ambazo hazijaandikwa. Ila kama unatumia dawa za kisukari, kiasi cha kitu kitamu kipange na mtaalamu wa lishe wa kliniki yako, usinisikilize mimi.

Umesema pia mume wako anakucheka ukitoa mizani mbele ya wageni. Hiyo kazi imalize mapema. Keki ikishapoa kabisa, bora ikiwa imelala kwenye friji, ikate kwa kisu chenye meno, pima kila kipande, kifunge kwenye plastiki na uandike gramu juu kwa kalamu ya wino mzito. Vya kwako weka kwenye friza, vinakaa wiki kadhaa bila neno. Wageni wakija wape vyao kwenye sahani, wewe chukua kilichoandikwa 70. Mume akiona maandishi, mwambie ni bei.