Muulize Fundi: Jotoardhi litakausha dagaa wa Igombe?

SWALI: Shikamoo fundi. Naanika dagaa hapa Igombe, Mwanza. Masika haya nimeanika mara nne, mara tatu mvua imeninyeshea, mzigo ukaishia kununuliwa bei ya chakula cha kuku. Mwanangu ananiambia Kenya wanatumia joto la ardhini badala ya kuni na mafuta, na eti joto hilohilo linagandisha barafu. Barafu itokane na moto kweli? Na kikundi chetu tukichanga, tunaweza kuchimba huku?
Mwanika dagaa, Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mvua.

Barafu kutokana na moto si utani. Kwenye mtambo wa kawaida wa barafu, gesi ya amonia ndiyo inayobeba joto kulitoa kwenye maji yanayoganda; kompresa, yaani pampu yake, huifyonza na kuisukuma upande wa pili kwa shinikizo. Umeme mwingi unaishia hapo. Ipo mitambo isiyo na kompresa: amonia inanywewa na maji, maji yanapashwa moto, amonia inatoka humo na shinikizo lake, moto ukawa umefanya kazi ya kompresa. Huko Chena, Alaska, maji ya chemchemi ya nyuzi sabini na kitu yalitumika hivyo kuzuia jumba la barafu lisiyeyuke kiangazi.

Kuhusu Kenya, mwanao yuko sahihi. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza 2003 kupasha moto mabanda ya waridi kwa jotoardhi, maana unyevu wa usiku ulikuwa unawaletea ukungu. Lakini kinachokuhusu wewe zaidi ni Aisilandi: wanakausha vichwa vya samaki vilivyobaki viwandani kwa jotoardhi, wanaviuza Nigeria vikapikwe supu.

Kuchimba hapa? Msichange hata mia. Mawe yetu haya, lile la Bismarck pale Mwanza mjini likiwemo, ni granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2, imepoa zamani. Bonde la Ufa limetupita huku na huku. Shuka kilomita nzima, utaambulia maji ya uvuguvugu. Kampuni ya jotoardhi ya serikali, TGDC, imekwenda kulitafuta Ngozi, mlima wa volkano kule Mbeya, kwa sababu hiyo, na kisima kirefu kimoja ni mamilioni ya dola.

Ila joto mnalo, linatupwa. Nimefanya kazi miaka mingi chumba cha mitambo cha kiwanda cha samaki. Asubuhi nikilowa, naanika ovaroli karibu na bomba linalotoka kwenye kompresa. Chai ya saa nne naikuta imekauka, ngumu kama turubai. Bomba lile halishikiki. Joto lote lililotolewa kwenye minofu ya sangara, pamoja na la umeme wenyewe, linarushwa angani usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe, na kiwanda hichohicho kina boila ya kuni nyuma ya ukuta. Jambo hili liliniudhi hadi nastaafu.

Dagaa hahitaji moto mkali. Akizidi nyuzi 50 mwanzoni anaiva badala ya kukauka, anakatikakatika. Hewa ya nyuzi 40 inayotembea inatosha: maji yachukue joto kwenye bomba, yapite kwenye rejeta kama ya lori, feni ipulize kwenye chanja. Bomba la amonia lenyewe lisiingie kamwe kwenye banda la chakula; ikivuja, mtakimbia na mzigo mtauacha.

Tafuteni mwenye kiwanda cha barafu aliye jirani na mwalo. Mkifika, ombeni kuonana na fundi wake kabla ya mhasibu, awaoneshe bomba hilo. Beba kitambaa cha kulishikia.