Kutafuta vituo Karura kwa GPS

SWALI: Mhariri, ninafundisha Jiografia Kasarani. Nataka wanafunzi watafute kwa simu vituo, yaani sehemu nitakazowapa kwa latitudo na longitudo, katika Msitu wa Karura. Je, tutahitaji bando?

JIBU: Mwalimu, bando si lazima, kwani simu hukokotoa mahali ilipo kwa mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, mradi ramani iwe imepakuliwa mapema. Chini ya miti mawimbi hayo hudhoofika, kwa hiyo weka vituo kwenye njia panda, ambapo macho yatamalizia kazi ya simu. Kagua pia latitudo: Karura iko takriban nyuzi 1.24 kusini, ambayo kwenye simu huandikwa -1.24, na mwanafunzi akisahau alama ya kutoa, ataelekezwa ng'ambo ya Ikweta, zaidi ya kilomita 250 kaskazini (kosa lenye funzo kuliko mhadhara). Kila kikundi kipewe simu moja tu, ishikwe kwa zamu, maana zikiwa nyingi hakuna atakayeshauriana na mwenzake.