Ukipewa Cheo Usichokijua, Omba Kwanza Kufundishwa

Mwaka wangu wa kwanza wa ukuu wa shule niliwekewa mezani vocha za malipo ambazo sikuzielewa. Nilikuwa nimefundisha Historia miaka kumi na moja na fedha za shule sikuwahi kuzigusa. Mhasibu alikuwa chumba cha pili, ningeweza kumwita. Niliona haya kuonekana sijui, nikasaini. Wakaguzi walipofika, vocha nyingi hazikuwa na stakabadhi, na mwenye kujibu nikawa mimi.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu mmoja wa Marekani, Joshua Chamberlain, ambaye nilikuwa nikimtaja darasani bila kumtafakari. Alifundisha balagha, yaani ufundi wa kuzungumza mbele za watu, na lugha katika Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, chuo kilimpa ruhusa ya miaka miwili akasome Ulaya, naye akaenda kujiandikisha jeshini. Gavana alitaka kumpa ukanali, aongoze kikosi kizima. Alikataa. Aliomba aanze chini kidogo, ajifunze kazi kwanza, akawa luteni kanali chini ya Adelbert Ames, kijana aliyemzidi kwa mafunzo ya jeshi na kuzidiwa naye kwa umri. Mchana alikuwa kwenye kwata, usiku akisoma mbinu za vita na kumuuliza Ames maswali.

Hapo ndipo nilipokosea mimi, na naona wenzangu wengi wanakosea hapohapo. Tukishasoma sana tunadhani kuuliza kunatushusha. Yeye alikuwa profesa, akauliza.

Mei 1863, Ames alipopandishwa, kikosi kikawa chake. Muda si mrefu akaletewa askari 120 wa kikosi kingine cha Maine waliogoma. Wenzao walikuwa wameruhusiwa kurudi nyumbani, wao wakaambiwa mikataba yao ni ya miaka mitatu. Waliletwa chini ya ulinzi, wana njaa, na Chamberlain alikuwa na ruhusa ya kuwapiga risasi. Alianza kwa kuwapa chakula. Akasikiliza malalamiko yao, kisha akawagawa katika kombania zake mbalimbali. Karibu wote wakashika bunduki tena.

Tarehe 2 Julai 1863, pale Gettysburg, kikosi chake kilishika ncha ya kushoto kabisa ya jeshi la Kaskazini, kwenye kilima cha Little Round Top. Kila askari alikuwa na risasi 60. Zilipokaribia kwisha na maadui wa Kusini, watu wa Alabama, bado wanapanda, walichomeka singe kwenye bunduki na kuteremka mbio kuwakabili. Kilima hakikuchukuliwa.

Habari ya wale 120 ndiyo niliyoitumia. Nilikuta walimu wanadai posho za kusimamia mitihani, wamenuna, vikao havihudhuriwi. Nilikuwa nimeshaandika barua za onyo. Nikaziacha kwenye droo, nikaagiza chai na maandazi, nikaketi nao staff nikiwa na kalamu, nikaandika deni la kila mmoja kwa jina lake. Fedha sikuwa nazo siku ile na niliwaambia hivyo. Kesho yake vipindi viliingiwa.

Lakini msimwige kwa kila kitu. Baada ya vita alikuwa gavana wa Maine, kisha mkuu wa Bowdoin, na hapo akawalazimisha wanafunzi kupiga kwata. Mwaka 1874 wakagoma. Aliyewasikiliza wagomaji wa vitani alishindwa kuwasikiliza vijana wa chuoni kwake, na naamini ni kwa sababu safari hii alijiona anaijua kazi. Mimi pia, mwaka wa tatu, nilianza kusaini haraka tena.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kama barua ya uteuzi imekufikia wiki hii, usianze na samani za ofisi. Chukua daftari, nenda kwa mhasibu hata kama ni mdogo kwako, umwombe akuonyeshe vocha moja kuanzia juu hadi chini, na pale usipoelewa umwambie arudie.