Kwa unayehamia Mwanza kutoka Nairobi

Umeuliza uanzie wapi ukifika. Karibu sana ndugu. Mimi nilitoka Kisumu; ziwa ni lilelile la Victoria, majina ya samaki siyo. Siku ya kwanza pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki, niliulizia omena, mama muuzaji akanikodolea macho mpaka nikanyoosha kidole. "Aah, dagaa!" Ngege huku ni sato, mbuta ni sangara. Na hiyo "nipe" yetu iache mpakani, sema "naomba". Ukisema "nipe maji" utahudumiwa, ila meza nzima itajua ulikotoka (mimi bado huniponyoka). Mkubwa akipita, shikamoo kwanza, hata kama daladala inakuacha. Asubuhi jaribu "mwangaluka" kwa Wasukuma, watafurahi hadi wakuongezee fungu.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, jipange. Ukipata nyumba kwenye vile vilima vya mawe, hakikisha ina simtanki (tangi la maji) kabla hujatoa hela. Umeme ni LUKU, yaani unalipia kabla ya kutumia. Kibali cha kazi msumbue mwajiri sasa hivi, usianze kazi bila hicho. Na ufukwe ukikuvutia kuogelea, kumbuka kichocho kipo huku kama kwetu.