Ukiletewa PEZ "ya zamani", anza na miguu

Msomaji mmoja wa Minneapolis kanitumia picha ya PEZ, kile kidude cha plastiki cha kutolea peremende, yenye kichwa cha Baba Krismasi. "Dada, muuzaji anasema ni ya 1976, anataka dola 50. Niichukue?" Nikamwambia aiache hapo hapo, maana niliona miguu.

Vidude hivi vya peremende vilianza kuwekewa miguu, ule ubapa wa chini unaovisimamisha, mwaka 1987. Sasa hiyo 1976 imetoka wapi? Ubavuni pameandikwa 3,942,683, namba ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani iliyotolewa mwaka huo, na iliendelea kupigwa chapa miaka mingi baadaye. Inakwambia PEZ yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1976, basi. Ilitoka kiwandani lini, haisemi. Ukikuta 2,620,061, ambayo hataza yake ni ya 1952, hapo changamka.

Haya sikufundishwa na mtu. Niliyaokota masokoni huku Connecticut, huku nikidharauliwa. Kuna mzee mmoja muuzaji aliniambia mbele za watu kwamba sisi tuliotoka Afrika hatuwezi kujua vitu vya utotoni mwao. Sikubishana. Nilichukua PEZ aliyoibandika "miaka ya 1970", nikafuta unga wa sukari kwa kidole gumba, nikamulika tochi ya simu kwa ubavu mpaka herufi zikatoa kivuli: Slovenia. Nchi iliyojitangazia uhuru 1991! Akanyamaza, akabandua kile kibandiko. Radhi hajaniomba mpaka leo, nami kwake sinunui.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni ubavu. Tusikubali kuuziwa maneno. Iliyoandikwa Yugoslavia, nchi ambayo Slovenia ilijitenga nayo, ina nafasi ya kuwa ya zamani, ya Slovenia haina. Isiyo na miguu nayo igeuzeni, maana wapo wanaoikata miguu makusudi. Chini pakiwa na mikwaruzo au pamekwenda upande, irudisheni mezani.

Halafu zipo zisizo na kichwa kabisa, zinazofanana na kiberiti cha gesi. Watu huzikimbilia kwa sababu ndizo za mwanzo, zilizoanzia Austria mwaka 1949 zikiwalenga wavuta sigara. Ni kweli. Ila kampuni ilizitoa upya miaka ya 1990, na hilo muuzaji hatakwambia.